Antioksidanti na saratani: Kwa nini vidonge vya kulinda seli vinaweza kuilinda hata saratani

Mgonjwa anapoambiwa kwamba ana saratani, nyumba hujaa ushauri hata kabla matibabu hayajaanza. Mmoja huleta vidonge vya vitamini C, mwingine chupa ya vitamini E, na wa tatu unga wa majani ulioandikwa kwamba huondoa sumu na kuzilinda seli za mwili. Wote wanamtakia heri, na hakuna anayedhani kwamba vitamini inaweza kumdhuru mtu.

Ahadi iliyoandikwa kwenye chupa hizo haikutoka hewani. Ni kweli kwamba baadhi ya kemikali zinazozalishwa ndani ya mwili huharibu vinasaba, na ni kweli kwamba virutubisho vinavyoitwa antioksidanti huzipunguza makali. Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya miaka 30 umeonyesha kwamba hiyo ni nusu tu ya maelezo. Hali ambayo wataalamu huiita msongo wa oksidishaji huweza kuanzisha saratani, lakini hali hiyohiyo ni miongoni mwa vikwazo vinavyoizuia saratani isisambae.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 watu wapatao milioni 20 waligunduliwa kuwa na saratani duniani, na milioni 9.7 walifariki kutokana na ugonjwa huo. Wengi wa wanaofariki hawauawi na uvimbe wa kwanza, bali na saratani iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo.

Msongo wa oksidishaji ni nini?

Seli ya mwili hufanya kazi kama jiko. Ndani yake mna sehemu ndogo ziitwazo mitokondria, ambamo chakula huunguzwa kwa msaada wa oksijeni ili kutoa nguvu. Na kama ilivyo kwa jiko la mkaa, moto huo hutoa cheche. Cheche za seli ni kemikali zenye oksijeni ambazo hazina utulivu. Baadhi yake huitwa radikali huru, na huwa zimepungukiwa elektroni moja, hivyo huinyakua kutoka kwa molekuli yoyote iliyo jirani, iwe ni mafuta ya utando wa seli, protini au vinasaba.

Mwaka 1954, mwanasayansi wa Argentina Rebeca Gerschman, akifanya kazi nchini Marekani, alipendekeza pamoja na wenzake kwamba madhara ya mionzi na madhara ya oksijeni iliyozidi yana chanzo kimoja, nacho ni radikali hizo. Miaka miwili baadaye, Mmarekani Denham Harman alitoa nadharia kwamba uharibifu wa namna hiyo ndio unaomzeesha binadamu. Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich walitangaza ugunduzi wa kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima mojawapo ya radikali hizo. Ikadhihirika kwamba mwili una zimamoto yake wenyewe.

Zimamoto hiyo inajumuisha vimeng'enya vinavyotengenezwa na seli, pamoja na virutubisho vinavyotokana na chakula, vikiwamo vitamini C na vitamini E. Hivi vyote ndivyo huitwa antioksidanti. Cheche zinapozidi uwezo wa zimamoto, seli huwa katika msongo wa oksidishaji.

Lakini cheche si adui wakati wote. Seli nyeupe za damu huzitumia kwa makusudi kuua bakteria, na seli za kawaida hutumia kiasi kidogo cha kemikali hizo kupelekeana ishara. Tatizo ni kiasi, mahali na wakati.

Saratani huanzaje kwa njia hii?

Vinasaba vyetu vimeandikwa kwa herufi nne za kikemia, yaani A, C, G na T. Herufi G ndiyo hushambuliwa kwa urahisi zaidi na radikali huru. Ikishaharibika, seli inaponakili vinasaba vyake inaweza kuisoma kimakosa kana kwamba ni T. Seli ina mafundi wa kusahihisha makosa ya namna hiyo, na mengi hurekebishwa. Kosa likiponyoka na kuangukia kwenye jeni inayodhibiti ukuaji, hatua ya kwanza ya kuelekea saratani huwa imepigwa.

Kwa sababu hiyo, hatari kubwa hutokana na cheche zinazoendelea kwa miaka mingi bila kukoma. Moshi wa sigara ni chanzo kimojawapo, kwa kuwa una radikali zake wenyewe na tena huyachokoza mapafu yazalishe nyingine. Chanzo kingine ni mchochota wa muda mrefu, yaani hali ya kiungo kuvimba kwa sababu seli za kinga zinapigana na adui asiyeondoka.

Katika ukanda wetu, maadui hao wanafahamika. Mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo hunasa katika ukuta wa kibofu na kuuchokoza kwa miaka. Tangu mwaka 1994, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, limeiorodhesha minyoo hiyo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huliacha ini katika mapambano ya aina hiyo, na bakteria aitwaye Helicobacter pylori hufanya vivyo hivyo tumboni. Msongo wa oksidishaji si njia pekee ambayo vimelea hivi hutumia kuleta saratani, lakini ni mojawapo.

Uvimbe hukuaje?

Seli ikishageuka kuwa ya saratani, uhusiano wake na cheche hubadilika. Seli hiyo hugawanyika kwa kasi, hutumia nguvu nyingi, na kwa hiyo huzalisha radikali nyingi kuliko seli ya kawaida. Kiasi fulani huifaa, kwani huamsha ishara zinazoiamuru iendelee kugawanyika. Kikizidi, huiua.

Ili kukwepa kifo, seli ya saratani hujenga zimamoto iliyo kubwa kuliko ya seli ya kawaida. Mojawapo ya nyenzo zake ni protini iitwayo NRF2, ambayo huwasha jeni nyingi za ulinzi kwa mpigo. Katika seli yenye afya, NRF2 hudhibitiwa na protini nyingine, KEAP1. Katika baadhi ya saratani za mapafu, jeni ya KEAP1 huwa imeharibika, na ulinzi wa seli hubaki umewashwa usiku na mchana.

Hapa ndipo swali lilipozaliwa. Ikiwa seli ya saratani yenyewe inahangaika kutafuta antioksidanti, je, mgonjwa anayemeza antioksidanti kwa vidonge anamsaidia nani?

Majaribio yaliyoleta mshangao

Kabla ya swali hilo kuulizwa kwa uzito, matumaini yalikuwa makubwa. Tafiti nyingi zilikuwa zimeonyesha kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupata saratani kwa nadra zaidi. Ilionekana jambo la busara kuchukua kirutubisho kinachosadikiwa kuwa ndicho chenye kinga, kukitia katika kidonge na kuwapa watu.

Nchini Finland, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walipewa vidonge vya beta-karotini, vitamini E, vyote viwili, au vidonge visivyo na dawa, kwa muda wa miaka mitano hadi minane. Beta-karotini ni ile rangi ya karoti na viazi vitamu vya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini hawakukingwa. Badala yake, visa vya saratani ya mapafu miongoni mwao vilizidi kwa asilimia 18.

Wapo waliodhani kwamba matokeo hayo yalitokea kwa bahati mbaya. Lakini nchini Marekani jaribio jingine lilikuwa likiendelea kwa watu 18,314, wakiwamo wavutaji wa sigara, walioacha kuvuta, na wafanyakazi waliowahi kuvuta vumbi la asbesto. Wengine walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 jaribio hilo lilisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake. Saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 kwa waliomeza vidonge hivyo, na vifo kwa asilimia 17.

Jaribio la tatu, lililowahusisha madaktari wa kiume 22,071 wa Marekani kwa takriban miaka 12, halikuonyesha faida wala madhara ya beta-karotini. Wengi wao hawakuwa wavutaji wa sigara. Tofauti hiyo ilidokeza kwamba huenda madhara yanawaangukia hasa wale ambao tayari wamebeba seli zilizoharibika bila wao kujua.

Kisha likaja jaribio la vitamini E na madini ya seleniamu kwa wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Canada na Puerto Rico, kwa lengo la kuzuia saratani ya tezi dume. Vidonge vilisitishwa mwaka 2008 baada ya kuonekana kwamba havisaidii. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume zaidi, kwa asilimia 17.

Safari ya hatari ya seli ya saratani

Majaribio hayo yalionyesha kwamba kuna madhara, lakini hayakueleza sababu. Maelezo yalianza kupatikana katika maabara.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Martin Bergö, waliwapa panya wenye saratani changa ya mapafu vitamini E au N-asetilisisteini, dawa ambayo pia hutumika kulainisha makohozi. Uvimbe ulikua kwa kasi na panya wakafa mapema. Sababu ilikuwa hii: uharibifu wa vinasaba ulipopungua, jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuziamuru seli zilizoharibika zisimame au zife, haikuona tena dalili ya hatari. Ilikuwa kana kwamba mwizi amepewa viatu visivyo na sauti, na mlinzi akaendelea kulala.

Swali la kusambaa lilijibiwa kwa namna iliyoshangaza zaidi. Seli ya saratani inayong'oka kutoka kwenye uvimbe na kuingia katika damu huingia mahali pa mateso. Imeachana na majirani zake, inasukumwa na mkondo wa damu, na kemikali za oksijeni huiandama. Sehemu ndogo sana ya seli zinazoanza safari hiyo, chini ya moja kati ya 1,000 katika majaribio ya wanyama, hufanikiwa kuweka makao mapya.

Mwaka 2015, kundi la Sean Morrison katika mji wa Dallas, Marekani, lilionyesha kwamba msongo wa oksidishaji ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo. Watafiti hao walipandikiza ndani ya panya seli za melanoma, saratani kali ya ngozi, zilizotoka kwa binadamu. Seli zilizokuwa safarini katika damu zilikuwa na msongo mkubwa kuliko zile zilizobaki kwenye uvimbe, na chache zilizonusurika zilikuwa zimebadili namna yao ya kutumia chakula ili zijitengenezee ulinzi zaidi. Panya walipopewa antioksidanti, saratani ilisambaa zaidi.

Mwaka huohuo kundi la Bergö lilipata matokeo yanayofanana kwa njia nyingine. Panya wenye melanoma waliponyweshwa N-asetilisisteini katika maji, uvimbe wa awali haukuongezeka, lakini saratani iliyofika kwenye tezi za limfu iliongezeka maradufu. Mtu anayeutazama uvimbe peke yake angedhani kuwa hakuna kilichobadilika.

Mwaka 2020, kundi la Dallas liliongeza jambo jingine. Damu ina madini ya chuma na oksijeni kwa wingi, na huko seli za saratani hufa kwa namna inayokumbusha kutu: mafuta ya utando wao huoksidishwa kwa msaada wa chuma hadi utando unapasuka. Majimaji ya limfu, kinyume chake, huzilinda. Hilo husaidia kueleza kwa nini melanoma mara nyingi hufika kwanza kwenye tezi za limfu kabla ya kuenea kwingine.

Kwa saratani ya mapafu, tafiti mbili zilizotolewa pamoja mwaka 2019, moja ya Sweden na nyingine ya New York, zilitambua swichi inayohusika. Ni protini iitwayo BACH1. Katika hali ya msongo, protini hiyo huvunjwavunjwa. Antioksidanti zinapoongezeka, hubaki, hujikusanya, kisha huwasha jeni zinazoifanya seli itumie sukari kwa wingi na kuhama.

Je, haya yanamhusu mgonjwa wa kibinadamu?

Panya si binadamu, na wataalamu wanahimiza tahadhari katika kutafsiri matokeo haya. Hakuna anayeweza kuwapa wagonjwa kidonge kwa makusudi ili aone kama saratani itasambaa. Ushahidi uliopo kwa wagonjwa ni mchache, lakini unaelekea upande uleule.

Sababu moja ni kwamba matibabu yenyewe hutegemea cheche. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Mionzi ya eksirei inapopita mwilini, takriban theluthi mbili ya uharibifu wake kwa vinasaba vya seli hufanywa na radikali huru zinazotokana na maji yaliyomo ndani ya seli. Baadhi ya dawa za tibakemikali, kama doksorubisini, nazo huongeza msongo wa oksidishaji.

Huko Quebec, Canada, wagonjwa 540 wenye saratani ya kichwa na shingo walishiriki katika jaribio la vitamini E na beta-karotini wakati wa tiba ya mionzi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalikuwa na pande mbili. Waliopewa vidonge walipata madhara makali machache zaidi ya mionzi, jambo ambalo mgonjwa yeyote angelifurahia. Lakini kulikuwa na dalili kwamba saratani yao ilirejea zaidi, na katika kipindi cha kumeza vidonge walipata saratani mpya kwa wingi zaidi. Inaelekea kwamba ngao iliyoilinda ngozi na koo haikuchagua wa kumlinda.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia wagonjwa 1,134 wa saratani ya matiti waliokuwa wakipata tibakemikali. Wale waliotumia vidonge vya antioksidanti kabla na wakati wa matibabu walielekea kurudiwa na ugonjwa zaidi, ingawa waliovitumia walikuwa wachache kiasi kwamba bahati haikuweza kuondolewa kabisa katika hesabu.

Kwa nchi zetu, jambo hili lina uzito wa pekee. Mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, ilipoharibika mwaka 2016, wagonjwa waliokuwa wakiitegemea walibaki bila tiba hiyo nchini mwao. Uganda imepata mashine nyingine tangu wakati huo, lakini katika ukanda huu bado wapo wanaosafiri siku nzima, au kuvuka mpaka, ili kupata tiba ya mionzi. Tiba iliyopatikana kwa gharama na taabu ya namna hiyo haifai kupunguzwa nguvu na kidonge ambacho daktari hakuambiwa habari zake.

Vipi kuhusu mboga na matunda?

Hakuna lolote katika tafiti hizi linalomtaka mtu aache mchicha, maembe, mapapai au karoti. Kiasi cha antioksidanti kinachopatikana katika mlo wa kawaida ni kidogo kikilinganishwa na kile cha vidonge vingi, nacho huja pamoja na nyuzinyuzi na virutubisho vingine. Washiriki wa jaribio la Finland, kwa mfano, walimeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku katika kidonge kimoja, kiasi kinachozidi kwa mbali kile ambacho watu wengi hukipata mezani.

Mgonjwa aliyepungukiwa na vitamini fulani, kwa kushindwa kula au kwa kutapika, naye huhitaji kuongezewa. Hiyo ni tiba ya upungufu, na hutolewa kwa kipimo. Vilevile, mtu aliyeandikiwa N-asetilisisteini na daktari kwa sababu ya ugonjwa mwingine hapaswi kuiacha kwa kusoma habari hizi. Anachopaswa kufanya ni kuuliza.

Kwa watu wazima wenye afya, jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa nchini Marekani lilipendekeza mwaka 2022 wasitumie beta-karotini wala vitamini E kwa lengo la kuzuia saratani au magonjwa ya moyo. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani nao unashauri watu wapate mahitaji yao kutoka katika chakula, na wasitegemee vidonge kujikinga na saratani.

Njia zenye ushahidi wa kupunguza cheche kabla hazijaleta saratani ni zile zinazoondoa chanzo chake: kuacha sigara, kutibu kichocho mapema, na kupata chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo katika nchi nyingi za ukanda huu hutolewa kwa watoto wachanga.

Wanasayansi, kwa upande wao, wanaitazama saratani kwa jicho jipya. Ikiwa seli inayosambaa huishi kwa kuutoroka msongo wa oksidishaji, huenda ikawezekana kuinyima ulinzi huo. Dawa za kufanya hivyo bado ziko katika hatua za utafiti.

Kwa familia yenye mgonjwa, hatua ya kwanza haihitaji maabara. Kabla ya kuanza tibakemikali au mionzi, vikusanyeni vidonge, unga na dawa zote za majani anazotumia mgonjwa, vitieni katika mfuko mmoja na muende navyo kliniki. Msivifiche kwa kuogopa kukaripiwa, na msidhani kwamba vitamini si dawa. Mwacheni daktari aone kila kilichomo, kisha aseme kipi kiendelee na kipi kisubiri hadi matibabu yaishe.